Maji ya ndege bustanini siku za joto kali

Ndege hatoki jasho. Hana tezi za jasho kabisa, na mwili wake huwa kwenye nyuzijoto 40 hadi 42 hata akiwa ametulia. Hewa ya nje inapokaribia kiwango hicho, hana budi kutweta: huacha mdomo wazi, koo likapwita haraka, na maji hutoka mwilini kama mvuke pamoja na pumzi. Anapoa, lakini anakauka. Ndege mdogo huishiwa upesi kuliko mkubwa kwa kuwa akiba yake ni ndogo. Anayekula wadudu au matunda hupata sehemu ya maji ndani ya chakula chake, ila anayekula mbegu kavu, kama shomoro na njiwa, hupata kidogo mno. Hao ndio utakaowaona mapema kwenye chombo chako.

Kuwasaidia hakuhitaji gharama. Kunahitaji chombo chenye kina kifupi, kivuli saa za mchana, na mtu wa kubadilisha maji kila siku. Hili la mwisho ndilo linalowashinda wengi, na ndilo zito kuliko yote: chombo cha mapambo kilichojaa maji ya juzi, yenye vinyesi na utando wa kijani, kinaweza kuua ndege wengi kuliko kiu. Kwa hiyo kabla ya kufikiria chombo, fikiria njia unayopita kila asubuhi na bomba lililo karibu. Chombo kilichowekwa mwisho wa bustani husahaulika ndani ya wiki moja.

Chombo

Kipimo cha kwanza ni kina. Ukingoni maji yasizidi sentimita 1, kisha yaongezeke taratibu hadi sentimita 4 au 5 katikati. Shomoro huogea kwenye sentimita 2 au 3 tu: hushusha kifua, hutikisa mbawa, na maji humfika tumboni huku miguu ikiwa imeshika chini. Miguu isipogusa chini hataoga. Akitumbukia penye kina, manyoya yakilowa chapachapa humwelemea na anaweza kuzama.

Namna ya kunywa nayo ina mahitaji yake. Ndege wengi huchota tone, kisha huinua kichwa ili maji yateremke kooni. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa, kwa hiyo tabaka jembamba sana la maji halimtoshi. Mteremko kutoka ukingoni hadi katikati huwafaa wote wawili.

Upana uwe sentimita 30 kwa uchache; 40 hadi 50 ni bora, maana hapo ndege mmoja anaweza kuoga na mwingine akanywa bila kugombana. Sehemu ya ndani iwe na mkwaruzo. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa, vioo na plastiki laini huteleza, na ndege anayeteleza mara ya kwanza huwa harudi. Ukiwa na chombo cha namna hiyo, kitandaze changarawe safi au mawe bapa. Na kwa chombo chochote, weka jiwe moja katikati ambalo kichwa chake kinatoka juu ya maji: ni mahali pa kutua, na ni ngazi ya mdudu aliyetumbukia.

Sahani pana ya udongo, ile ya kuwekea chini ya chungu kikubwa cha maua, ndiyo tungemshauri mtu yeyote aanze nayo. Ni nzito kiasi, haitelezi, na udongo unaopitisha maji kidogo hupoza maji yenyewe. Epuka bati na plastiki nyeusi mahali penye jua. Maji yake hupata moto mapema na ukingo huunguza miguu. Vyombo vingi vinavyouzwa kama mabafu ya ndege ni vizuri kwa macho, lakini vina kina kirefu na kuta zilizosimama wima. Kama umeshanunua, jaza mawe hadi kina kibaki sentimita 3.

Kutengeneza cha saruji

Anayetaka chombo kisichopeperushwa wala kupinduliwa anaweza kukifinyanga mwenyewe kwa mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3. Kwa chombo cha upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 3, andaa lita 6 za mchanga na lita 2 za saruji.

1. Rundika mchanga wenye unyevu juu ya ubao, uufanye kilima kipana cha sentimita 44 na urefu wa sentimita 5 katikati. Kilima kiteremke taratibu. Kikiwa na kingo zilizosimama utapata bakuli refu badala ya sahani.
2. Funika kilima kwa karatasi ya plastiki.
3. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu, kisha ongeza maji kidogo kidogo hadi uweze kufinyanga donge lisilomwagika. Maji yakizidi, chombo kitapasuka kinapokauka.
4. Tandaza nusu ya unene, laza kipande cha wavu wa kuku, malizia nusu ya pili. Sawazisha sehemu ya juu iwe bapa, kwa sababu hiyo ndiyo itakuwa kitako.
5. Funika kwa gunia lenye maji kwa siku 7. Usikianike juani. Saruji hukomaa kwa unyevu, ikikauka haraka huwa dhaifu.
6. Kipindue, bandua plastiki, kwaruza sehemu ya ndani kwa brashi ya waya.

Saruji mpya hutoa chokaa kali ndani ya maji. Jaza chombo, acha siku nzima, mwaga, jaza tena. Endelea hivyo kwa wiki 2 kabla ya kukiacha kwa ndege. Hatua hii haina njia ya mkato.

Mahali pa kukiweka

Jua la asubuhi halina shida. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni chombo kiwe kivulini, hasa kivuli cha mti kuliko cha ukuta, kwa kuwa ukuta uliopigwa na jua hurudisha joto. Usikiweke chini kabisa ya tawi ambalo ndege hulala au kutulia, wala chini ya chombo cha chakula. Vinyesi na maganda ya mbegu yataingia ndani ya saa moja.

Paka ndiye adui mkubwa hapa, na ndege aliyelowa hupaa kwa shida. Acha uwazi wa mita 2 hadi 3 kuzunguka chombo, pasiwe na kichaka kizito wala nyasi ndefu za kujifichia. Lakini ndani ya umbali huohuo pawe na tawi la juu ambalo ndege anaweza kulifikia kwa mapigo machache ya mbawa, akajikausha na kupanga manyoya yake. Ndege wengi hujisikia salama chombo kikiinuliwa sentimita 80 hadi 100 juu ya nguzo laini ambayo paka hawezi kuikwea. Njiwa hupenda chini zaidi, na pasipo na paka sahani ya chini huwafaa sana.

Madirisha makubwa pia huua. Ndege akishtuka huruka kuelekea mti anaouona kwenye kioo. Kiweke chombo mbali na kioo, au kiwe karibu nacho chini ya mita 1 ili asipate mwendo wa kujiumiza.

Kama una nafasi, sahani mbili ndogo zilizoachana mita kadhaa hufaa kuliko moja kubwa. Kunguru mmoja akitawala moja, wadogo wana pa kwenda.

Kiasi cha maji na saa za kujaza

Siku ya joto kavu yenye upepo, maji yaliyo wazi hupungua milimita 6 hadi 10 kwa mvuke peke yake. Sahani ya upana wa sentimita 40 ina eneo la takriban sentimita za mraba 1,250, kwa hiyo milimita 8 zikikauka ni lita 1 imeondoka, kabla hujahesabu maji yanayorushwa na wanaooga. Ndiyo maana sahani iliyojazwa asubuhi hukutwa tupu saa 9 alasiri, saa ambazo ndege wanaihitaji kuliko wakati mwingine.

Jaza kabla jua halijachomoza vizuri, kwa sababu wimbi la kwanza la wanywaji huja asubuhi, kisha kagua mchana na alasiri. Maji ya bomba yenye klorini ya kawaida hayana madhara. Ukitumia mpira wa bustani, fungua kwanza maji yaliyolala ndani yamwagike pembeni. Mpira uliolala juani hutoa maji ya moto kiasi cha kuunguza. Barafu si lazima. Huyeyuka ndani ya dakika chache, na kivuli hufanya kazi hiyo siku nzima.

Usiongeze chochote. Sukari huchachua maji na kuvutia sisimizi na nyigu, chumvi huzidisha kiu, na mafuta ambayo wengine humwaga kuzuia mbu hushikamana na manyoya, nayo yakishikamana hayazuii tena joto wala maji.

Matone

Ndege husikia na kuona maji yanayotikisika wakiwa mbali. Sahani iliyotulia inaweza kukaa siku nyingi bila mgeni. Ikidondokewa na matone hugunduliwa mapema zaidi. Huhitaji pampu.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 2. Kwa sindano iliyopashwa moto toboa tundu moja kwenye sehemu ya chini kabisa ya kitako. Pitisha uzi mfupi wa pamba kwenye tundu ili tone lishuke mahali pamoja badala ya kutambaa kwenye kitako. Jaza maji yaliyochujwa kwa kitambaa, funga kifuniko, ning'iniza sentimita 40 hivi juu ya sahani. Kifuniko ndicho bomba lako: kikikazwa kabisa hewa haiingii na matone husimama, kikilegezwa kidogo yanaanza.

Mililita 1 ni takriban matone 20. Tone 1 kila sekunde 2 ni mililita 90 kwa saa, na chupa ya lita 2 itadumu karibu saa 22. Tone kila sekunde ni lita 4 na zaidi kwa siku, ambayo ni kupoteza maji. Mwendo hupungua kadiri chupa inavyoisha, kwa hiyo legeza kifuniko tena mchana. Matone yakikatika ghafla, tundu limezibwa na mchanga au uzi umeganda uchafu. Yakienda mbio wakati wa adhuhuri, jua limeipiga chupa na hewa iliyomo imetanuka ikasukuma maji, isogeze kivulini.

Pampu za jua zinazoelea hufanya kazi kwenye jua tu, mahali ambapo hutaki sahani yako iwe. Tafuta ile ambayo paneli yake imetenganishwa na pampu kwa waya. Kina kisishuke chini ya mdomo wa pampu, la sivyo itaungua, na osha sifongo lake kila wiki.

Ndege wadogo wapenda nekta na wadudu mara nyingi hawaogi kwenye sahani kabisa. Hujisugua kwenye majani yaliyolowa. Nyunyizia kichaka chenye majani mapana kwa maji ya ukungu kwa dakika 10, asubuhi au jioni, uone watakavyojaa.

Usafi

Kila siku: mwaga maji yote, usiongezee juu ya yaliyobaki. Kuongezea huacha vinyesi na ute palepale na kuvipa maji mapya. Sugua ndani kwa brashi ngumu, suuza, jaza. Ni kazi ya dakika 2.

Mara moja kwa wiki, au ukiona utando wa kijani, fanya usafi wa kina. Sugua kwanza hadi uchafu wote utoke, maana klorini huisha nguvu ikikutana na uchafu. Changanya sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, na sehemu 9 za maji. Jaza sahani, acha dakika 10 huku ukiwazuia ndege, mwaga mahali pasipo na mimea, suuza mara 3 au 4 hadi harufu iishe, kisha anika juani hadi ikauke kabisa. Kukauka huko ni sehemu ya dawa: vimelea vingi vya ndege havivumilii ukavu. Ukiwa na sahani mbili, moja ianikwe wakati nyingine inatumika.

Doa jeupe la chokaa huondolewa kwa siki iliyozimuliwa. Siki na klorini visikutane kamwe, hata kwenye ndoo moja ambayo haijasuuzwa; hutoa gesi ya sumu.

Tumia brashi ya kazi hii peke yake, vaa glavu, nawa kwa sabuni, na usioshee sahani kwenye sinki la jikoni. Vinyesi vya ndege hubeba bakteria ya salmonela, nayo huwapata watu pia.

Mbu

Yai la mbu katika maji ya joto hufikia mbu mzima kwa siku 7 hadi 10, wakati mwingine pungufu kidogo. Maji yanayomwagwa kila siku hayawapi nafasi. Lakini mbu wa Aedes, waenezao dengi, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga peke yake hakuyaondoi. Ni brashi kwenye kingo. Kagua pia maji yanayokusanyika chini ya sahani na ndani ya nguzo yake.

Ukiona ndege mgonjwa

Dalili ni manyoya yaliyovimba mchana wa joto, kulegea, kumsogelea mtu bila woga, na kumeza kwa shida huku mdomo ukiwa na ute. Njiwa hupata sana ugonjwa wa kimelea kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho huota uvimbe wa manjano kooni. Ndege hushindwa kumeza, maji humtoka mdomoni na kurudi kwenye sahani, na anayefuata huyanywa. Hapo huruma ya kuendelea kuweka maji ndiyo inayoeneza. Ondoa sahani na chombo cha chakula, visafishe kwa klorini, vianike, na usivirudishe kwa wiki 2 au zaidi, hadi usione tena mgonjwa. Ndege watatawanyika kwenda kwingine, na kutawanyika huko ndiko kunakokata mnyororo.

Nyuki, ndoo na mapipa

Nyuki hubeba maji kupoza mzinga, na wakishazoea mahali hawahami kwa urahisi. Wakijaa kwenye sahani hadi ndege wakaogopa, wawekee sahani yao yenye kokoto zinazotoka juu ya maji, kwanza karibu na ile ya ndege, kisha isogeze hatua chache kila siku. Usiache yao ikauke, watarudi kwa ndege.

Siku za kiu, ndege huingia popote palipo na maji. Ndoo, mapipa na mabeseni yenye kuta wima yafunikwe, au yaegemezwe fimbo nene yenye magome kutoka chini hadi nje. Mjusi na panya waliotumbukia watakushukuru vilevile.

Ukisafiri

Kwa siku 1 au 2, chupa iliyopinduliwa inatosha. Jaza chupa, ipindue ndani ya sahani, na uifunge kwenye mti au nguzo ili mdomo wake uwe sentimita 2 juu ya kitako cha sahani. Maji yatatoka hadi yafunike mdomo, kisha yatasimama. Yakipungua, hewa huingia na mengine hushuka. Chupa ikiwa na tundu hata dogo yote yatamwagika mara moja, na ikipigwa na jua itafurika. Safari ikizidi siku 2, mwombe jirani abadilishe maji na umwonyeshe brashi ilipo. Asipopatikana, mwaga maji na ufunike sahani kifudifudi.

Ndege aliyezidiwa na joto

Kutweta peke yake si ugonjwa. Mwenye hatari ni aliyeanguka chini, mbawa zimeachana na mwili, mdomo wazi, macho yanafumba, na haruki ukimkaribia. Mwinue kwa kitambaa chepesi, mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, mahali pa giza, pa ubaridi na penye utulivu. Weka ndani kifuniko cha chupa chenye maji ya kawaida. Usimmiminie maji mdomoni: tundu la pumzi liko nyuma kidogo ya ulimi, na maji yataingia mapafuni. Ukitaka kusaidia zaidi, gusisha tone pembeni mwa mdomo kwa kidole na umwache ameze mwenyewe. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Wengi hupata nguvu ndani ya saa moja. Fungua boksi kivulini jua likishapungua ukali, karibu na sahani, na uondoke. Asiposimama baada ya muda wa saa 2, au akiwa na damu au bawa linaloning'inia, mpeleke kwa daktari wa wanyama.